Mgonjwa na Daktari Mwanagenzi

Tangu mwaka 2007, yalipoanzishwa Zanzibar mafunzo ya udaktari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba, si ajabu kwa mwananchi wa Unguja au Pemba kuhudumiwa na kijana ambaye bado anafunzwa. Miongoni mwa kazi ambazo mwanagenzi hana budi kujifunza ni kumhoji mgonjwa kabla hajatiwa usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Wapo wanaonung'unika kwamba wameletewa mtoto badala ya daktari. Manung'uniko hayo hayafai kupuuzwa, wala hayafai kuwa sababu ya kumkataa kijana, kwani mabingwa wote walianza hivyo hivyo. Kinachomridhisha mgonjwa si mvi za daktari. Ni kuamkiwa kwa heshima, kuelezwa wazi kwamba anayemhoji ni mwanafunzi na msimamizi wake ni fulani, kusikilizwa, na kujibiwa lile linalomtia hofu: Je, nitaamka?

Ridhaa hiyo si anasa. Mahojiano haya ndiyo yanayofichua pumu, shinikizo la damu, dawa za miti shamba na meno yanayolegalega. Hapo ndipo mgonjwa anapoagizwa asile kwa muda wa saa sita, na asinywe hata maji kwa muda wa saa mbili, kabla ya usingizi. Uji na chai ya maziwa huhesabiwa kuwa ni chakula. Mtu aliyefokewa, au asiyeelezwa sababu, huweza kunywa uji wake kimya kimya, na akiulizwa akakana. Akishalala, kilichomo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni, na roho ikapotea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini anayemtisha mgonjwa hata akaficha naye ana sehemu yake ya lawama.

Kwa hiyo twatoa wito kwa wakuu wa afya: mahojiano yasifanywe mbele ya kadamnasi, wala dakika za mwisho mlangoni mwa chumba cha upasuaji, msimamizi asimwache mwanagenzi peke yake, na mgonjwa aulizwe baadaye kama ameridhika, majibu yake yahesabiwe katika kumpima mwanafunzi. Wananchi nao hawana budi kusema kweli, na wasione haya kutaka kuonana na msimamizi pale wanapokuwa na shaka. Hiyo ni haki yao.