Mahali pa Darubini ni Kifuani

Mfuata nyayo alisimama bila kusema neno. Alipeleka kiganja nyuma ya mgongo, vidole vimetanuka, na sisi watatu tuliomfuata tukaganda pale pale. Ilikuwa saa 12:30 asubuhi, mwezi wa Agosti, ndani ya miombo ya Pori la Akiba la Rungwa, majani makavu yakilia kama papadi kila unapokanyaga. Mbele yetu, yapata mita 150, kulikuwa na kivuli cheusi ndani ya kivuli kingine.

Mwindaji bingwa, yule anayewaongoza wageni wa uwindaji, alipeleka mkono kifuani, akafunua mfuniko wa mkoba, na darubini ikawa machoni kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Mgeni wake alikuwa na darubini nzuri kuliko hiyo, ya bei ambayo wengi wetu tungenunulia kiwanja. Lakini ilining'inia shingoni kwa ule ukanda mwembamba uliokuja nayo kwenye boksi, na katika saa nzima ya kuinama chini ya matawi ilikuwa imezunguka hadi kwapani na kujisokota na mkanda wa bunduki. Alipoivuta, iligonga mtutu. Ule mlio wa chuma ulikwenda mbali kuliko nilivyodhani mlio mdogo unaweza kwenda. Mbogo waliinua vichwa, kisha tukabaki tunasikiliza kwato na matawi yakivunjika.

Hakuna aliyemlaumu. Tulifuata nyayo zilezile hadi saa 7 mchana na hatukuwaona tena. Nilikuwa nimekwenda kule kuandika habari za ajira katika vitalu vya uwindaji. Nilirudi na daftari lililojaa habari za mikanda, kwa sababu kila niliyezungumza naye kambini, kuanzia dereva hadi askari wa wanyamapori, alikuwa na neno la kusema kuhusu namna ya kuibeba darubini.

Uwindaji wenyewe una ubishi wake. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Tanzania ilisimamisha wa kwake mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978, na hadi leo uwindaji wa kitalii unaendelea kwa vibali na chini ya macho ya askari wa wanyamapori. Unaweza kuupenda au kuuchukia. Mimi nina yangu moyoni. Lakini maadam upo, basi ninataka anayeshika bunduki awe ameangalia vizuri kwanza. Kanuni zetu zinataka simba dume anayewindwa awe ametimiza walau miaka 6. Umri huo hauandikwi popote isipokuwa kwenye mwili wa mnyama: manyoya ya shingo, makovu ya uso, pua ambayo huzidi kuwa nyeusi kadiri anavyozeeka. Nyati dume naye hutazamwa paji la pembe, lile pale pembe mbili zinapokutana juu ya kichwa. Kwa kijana bado ni laini na lina nywele katikati, kwa mzee limekauka na kuwa gumu kama gamba la mti. Mambo haya hayaonekani kwa macho matupu. Na mnyama akijeruhiwa akatoroka, huhesabiwa kana kwamba ameuawa, mgeni analipa, na mtu wa kwanza kumfuata yule majeruhi kichakani ni mfuata nyayo, mara nyingi bila bunduki mkononi.

Ndiyo maana nasema mkanda wa darubini si pambo. Darubini iliyo mbali na mkono haitumiki. Mtu akichoka kuitoa kwenye begi, au akiona aibu kuhangaika nayo mbele ya wenzake, hukisia, na kukisia porini ndiko kunakoua dume ambaye hakustahili kufa.

Tuanze na uzito. Darubini inayopendwa na wawindaji wengi ni ya 10x42, yaani inavuta kitu mara 10 na kioo chake cha mbele kina kipenyo cha milimita 42. Nyingi za ukubwa huo zina kati ya gramu 600 na 900. Gramu 800 mkononi si kitu. Ziweke kwenye ukanda wa upana wa vidole viwili nyuma ya shingo, tembea saa sita juani, na jioni utageuza mwili mzima kumtazama aliye pembeni yako. Kampuni ya Zeiss ya Jena, Ujerumani, ilianza kuuza darubini za prizimu mwaka 1894, na kwa miaka mingi baada ya hapo mwanadamu aliendelea kuzining'iniza shingoni kana kwamba hana mabega.

Mikanda ya kifuani iko ya aina mbili. Ya kwanza ni mikanda mitupu, mara nyingi ya lastiki, inayopita juu ya mabega na kukutana mgongoni kwa msalaba. Darubini inakaa wazi kifuani, uzito unahamia mabegani. Ni rahisi, ni nyepesi, haikutoi jasho, na madukani Marekani hupatikana kwa dola 20 au 30. Kwa mtu anayetembea njia safi au anayetazama ndege, inatosha. Lakini Agosti ya Rungwa ni mwezi wa vumbi na majivu ya nyasi zilizoungua, na kioo kilicho wazi hupata vyote viwili. Ukikifuta kwa shati bila kukipuliza kwanza, unakisugua kwa mchanga. Aina ya pili ni mkoba wenye mfuniko, uliobebwa na mikanda ileile ya msalaba. Huu ndio ulioenea kwa wawindaji wa milima ya magharibi ya Marekani, kule ambako mtu hukaa nusu siku akichungulia bonde zima akitafuta kulungu. Darubini za Vortex aina ya Diamondback HD huuzwa zikiwa na mkoba wa namna hii ndani ya boksi. Mkoba unaonunuliwa peke yake hupita dola 100 bila shida. Kwa pori letu, mimi ningechukua mkoba.

Sasa mfuniko, na hapa ningeomba mnunuzi asiwe na haraka. Kuna mifuniko inayofunguka kuelekea mwilini na inayofunguka kuelekea nje. Ule wa kwanza husimama kati ya kifua chako na mkono wako, na ukitaka kurudisha darubini lazima uangalie chini uusukume. Ule wa pili huanguka mbele, darubini inapanda moja kwa moja hadi machoni na inarudi kwa njia hiyohiyo, macho yako yakibaki kwa mnyama. Mwindaji bingwa wa kambi yetu alinionyesha kwa vitendo. Alifumba macho, akafungua kwa mkono wa kushoto, akainua, akashusha, akafunga, akafumbua. Bunduki haikuondoka bega la kulia. Aliniambia nami nijaribu na wangu, unaofungukia ndani, na mara mbili nilijigonga kidevu.

Halafu kuna kinachoufunga. Zipu ni salama lakini polepole, tena hukwama kwa vumbi. Nailoni za kunata, zile zinazochanika kwa sauti ya *kraaa*, zisikaribie pori kabisa. Lastiki yenye kishikizo haina kelele, ila inachosha ikishalegea. Sumaku ndiyo inayosifiwa zaidi siku hizi, na kweli ni nzuri, mfuniko unajifunga wenyewe ukiuachia. Lakini sumaku ina mambo yake. Dira ikikaa karibu nayo hudanganya, iwe ya mkononi au ile ya simu. Hudaka chembe za chuma zilizomo kwenye mchanga, na taratibu inapoteza nguvu ya kufunga. Na wageni wengi wa uwindaji ni wazee. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani haruhusiwi kuweka sumaku juu yake, kwa hiyo mkoba wa sumaku usimkaribie. Mwulize kabla hujamwazima.

Urefu wa kuvaa nao una siri. Ukining'inia chini sana, mkoba unagonga mapaja unapopanda mwamba, na unapotambaa unasukuma mchanga kama jembe. Ukipanda juu sana unakaa chini ya kidevu. Askari mmoja wa wanyamapori, mama wa makamo aliyetumia miaka mingi doria, alinipa kipimo ambacho sijakisikia kwingine. "Ukiangalia chini lazima uone ncha za viatu vyako vyote viwili," aliniambia. "Mkoba ukikuficha miguu, nani atakuonyesha kifutu?" Kifutu haondoki njiani akisikia mtu. Hulala palepale, rangi ya majani makavu. Mama huyohuyo alinieleza pia kwamba mikoba mingi hukatwa kwa kifua cha mwanamume, na kwamba yeye huachia mikanda ya juu na kukaza ya ubavuni mpaka mkoba utulie chini kidogo ya matiti. Nilikaa na wawindaji wanaume siku nne na hakuna hata mmoja aliyewahi kulifikiria hilo.

Kitako cha bunduki kinataka nafasi yake begani. Bizimu au kirekebisho cha plastiki kikikaa hapo, risasi ya mbogo itakikandamiza kwenye nyama, na kabla ya hapo kitakuwa kimemharibia mtu shabaha. Kwa hiyo unapojaribu mkanda dukani, inua mikono kana kwamba unalenga, na upapase palipo na kitu kigumu. Mwenye kutumia upinde aangalie kamba ya upinde isiguse mkoba. Begi la mgongoni huvaliwa juu ya mikanda ya darubini, wala si chini yake, la sivyo utavua vyote kila unapotaka kunywa maji.

Rangi ni jambo ambalo watengenezaji wa ng'ambo hawalijui na muuzaji hatakwambia. Maeneo mengi ya uwindaji Tanzania yana mbung'o, na mbung'o hupenda buluu na nyeusi. Mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Ukijifunga mkoba mweusi kifuani umewapa mahali pa kutua, karibu kabisa na shingo. Na ile mikoba ya mabakamabaka, ambayo ndiyo imejaa katika maduka ya Marekani, iacheni hukohuko. Hapa raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa siku 7 wote wenye mavazi hayo wayasalimishe. Chukua kahawia, chukua rangi ya udongo au ya majani yaliyokauka. Mnyama hatajali, na uwanja wa ndege hutapotezewa muda.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho nilikiona kule na sijakikuta katika maelezo ya bidhaa yoyote. Katika uwindaji wetu darubini hupita mikononi. Mfuata nyayo ndiye anayemwona mnyama kwanza, kwa macho yake tu, na mara nyingi hana darubini. Anamgusa mwindaji bingwa bega, mwindaji anatazama, kisha anampa atazame yeye, wanashauriana kwa vidole. Sasa mikoba mingi ina kamba mbili fupi zinazoifunga darubini isianguke, na kamba hizo zikiwa za kufungwa fundo, darubini haitoki kifuani. Nimewaona watu wazima wawili wakiwa wamebanana shavu kwa shavu, mmoja akichungulia darubini iliyo bado kifuani mwa mwenzake. Tafuta kamba zenye klipu za kubana kwa vidole viwili. Au, kama una uwezo, mpe mfuata nyayo darubini yake na mkoba wake. Mtu anayetangulia mbele ya bunduki zote na ambaye jicho lake ndilo linaloongoza safari nzima anastahili kuwa nayo, na inanisikitisha kwamba katika kambi nyingi yeye ndiye wa mwisho kufikiriwa.

Yule wa kambi yetu alipata darubini mwaka huohuo, aliachiwa na mgeni aliyekuwa anaondoka, bila mkoba. Msimu ulipoisha nilipita Manyoni nikamkuta kwa fundi wa viti vya magari, amekaa kwenye kigoda, shati amevua. Fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amemkatia mkoba wa turubai la kijani lililochujuka, na mikanda aliitoa kwenye mkanda wa usalama wa gari bovu. Mfuniko ulifunguka kwa nje. Kufungia aliweka kitanzi cha lastiki na kipande cha kijiti cha mpingo, kama kifungo.

Mzee aliuvaa, akainama, akachuchumaa, akatambaa kwa magoti juu ya sakafu ya saruji kati ya vipande vya sponji. Akatazama miguu yake. Kisha akafumba macho na kuanza kufungua na kufunga. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya tisa alisimama.

"Mwanangu, hapa fumua," alisema, kidole kikiwa kwenye pindo la mfuniko, pale nyuzi za nailoni zilipopishana na turubai.

"Kuna nini hapo, mzee wangu? Mimi sisikii kitu."

"Kunakwaruza."

Fundi aliinamisha sikio karibu na kifua cha mzee. Mzee akafungua tena, polepole. Kijana akatikisa kichwa, akanyoosha mkono juu ya cherehani, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja.