Mtoto akilia mdomo ukaenda upande, tazama jicho kwanza

Mtoto mchanga akiwa amelala, huwezi kujua. Uso umetulia, mashavu yamejaa, na wageni waliokuja kumwona mzazi wanabishana amefanana na nani. Akianza kulia ndipo jambo linapojitokeza: mdomo unakwenda upande mmoja, jicho moja linafumba na la pili linabaki wazi. Kabla jua halijatua nyumba nzima ina maelezo. Mmoja anasema ni upepo mbaya, mwingine anadai mama alimcheka mlemavu alipokuwa mjamzito, wa tatu anamlaumu mkunga.

Hali hiyo ni kupooza kwa neva ya uso. Ni neva ya 7 kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, na kila upande wa uso una yake. Ndiyo inayokunja paji, kufumba jicho, kuvuta shavu mtu anapocheka na kubana midomo mtoto anaponyonya. Tafiti zilizofanywa hospitalini katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba huwapata watoto 1 au 2 katika kila 1,000 wanaozaliwa.

Familia nyingi huanza kwa kuukosea upande wenyewe. Hudhani upande unaovutwa ndio mgonjwa, wakaukanda kwa maji moto. Kumbe huo ndio mzima, unavuta kwa sababu una nguvu. Mgonjwa ni ule uliotulia: paji halikunjamani, jicho halifumbi, na mstari unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo hauonekani.

Neva isiyo na kinga

Gusa nyuma ya sikio lako, chini kidogo. Kuna nundu ya mfupa. Kwa mtu mzima nundu hiyo huikinga neva mahali inapotoka kwenye fuvu. Mtoto mchanga hajaota nundu hiyo, hivyo neva yake hupita karibu sana na ngozi. Akibanwa na mfupa wa nyonga ya mama wakati wa kushuka, au na koleo linalotumika kumsaidia kutoka, neva inaweza kuumia. Hatari huongezeka kwa mama anayejifungua kwa mara ya kwanza, uchungu unapochukua muda mrefu, na mtoto anapozidi kilo 3.5.

Kwa hiyo si haki kukimbilia kumlaumu mkunga. Wapo watoto wanaozaliwa hivi bila koleo kuguswa, na wapo ambao bila koleo hilo wasingetoka hai. Mama naye hana kosa, alicheka au hakucheka.

Habari njema ni kwamba neva iliyobanwa kwa kawaida haijakatika. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye jeraha la aina hii hupona wenyewe, wengi ndani ya wiki chache, wengine baada ya miezi kadhaa. Hawahitaji upasuaji wa haraka, wala hawahitaji kukandwa.

Jicho halingoji

Wakati ndugu wanahangaikia mdomo, hatari iko kwenye jicho. Kope ndizo zinazotandaza machozi. Zisipokutana, kioo cha jicho hukauka, kikapata vidonda, na vidonda vikaacha kovu linaloziba uoni. Mtoto anaweza kupona neva akabaki na jicho bovu.

Kinga yake ni rahisi: matone ya machozi bandia mchana, mafuta ya macho usiku, na pale inapobidi, kulifunika jicho kwa namna ambayo muuguzi atamwonyesha mama. Usitie kitu kingine chochote, iwe maziwa ya mama, maji ya majani au dawa iliyobaki kwa jirani. Ukiona wekundu, usaha, doa jeupe au mtoto anaukwepa mwanga, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kunyonya nako kunahitaji uangalizi, maana maziwa huvuja kwenye pembe isiyobana. Kubadili mkao na kulishikilia shavu na kidevu kwa vidole huwasaidia wengi. Mizani ya kliniki ndiyo itakayosema kama anashiba.

Si kila mdomo uliopinda

Wapo watoto ambao mdomo huenda upande wanapolia, lakini macho yote mawili yanafumba na paji linakunjamana. Hao mara nyingi neva yao ni nzima ila umepungua msuli mdogo unaoshusha pembe ya mdomo. Jambo hilo huonekana dogo, lakini wakati mwingine huambatana na kasoro za moyo. Daktari anapaswa kuusikiliza moyo wa mtoto huyo na kuamua kama anahitaji vipimo zaidi.

Wengine neva yao haikujengeka vizuri tangu tumboni. Dalili zake ni sikio dogo au lenye umbo lisilo la kawaida, na taya dogo upande mmoja. Neva ya uso hupita ndani ya mfupa wa sikio, kwa hiyo mtoto kama huyo apimwe usikivu mapema, kabla hajafika umri wa kuitwa mtundu asiyesikia anapoitwa.

Ikipooza pande zote mbili, na macho yakawa hayawezi kugeuka kwenda pembeni, madaktari hufikiria hali iliyopewa jina la Paul Julius Möbius, daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1888. Ni nadra sana. Nchini Brazil, uchunguzi wa miaka ya 1990 uliihusisha na dawa ya misoprostol iliyotumiwa mapema katika ujauzito kwa kujaribu kuutoa. Lakini kwa watoto wengi wenye hali hii, hakuna sababu inayopatikana.

Uso usiocheka

Mtoto mwenye hali ya Möbius hawezi kutabasamu wala kununa. Furaha anayo, hasira anayo, ila hazifiki usoni. Wengi wao wana akili timamu kabisa, lakini huchukuliwa kuwa wazito. Hata kusema kunawapa shida: mama, baba, bibi na babu ni maneno yanayotaka midomo ikutane. Mtaalamu wa tiba ya matamshi anaweza kumfundisha kutumia ulimi mahali pa midomo, na watoto wengi huweza kueleweka vizuri.

Upasuaji upo pia. Mwaka 1976 daktari Kiyonori Harii wa Japani na wenzake walieleza jinsi ya kuhamisha msuli mwembamba wa paja hadi shavuni, ukaunganishwa na mishipa ya damu na neva iliyo hai. Kwa watoto kazi hiyo kwa kawaida hungoja hadi wafikishe umri wa karibu miaka 5. Inahitaji darubini na mikono iliyofunzwa, na si hospitali nyingi zinazoiweza.

Tusiingoje darubini, kwani kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwalimu asimwite mwanafunzi huyu mwenye kiburi kwa sababu hakujibu tabasamu. Amsikilize sauti na aangalie mikono. Mzazi asimfiche ndani wageni wanapokuja.

Kwa mzazi aliyejifungua juzi: muonyeshe muuguzi mtoto akiwa analia, si akiwa amelala, kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Ziara za chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zitumie kuulizia uso wake pia. Wiki ya 6 ikipita bila badiliko lolote, omba rufaa ya kuonana na daktari wa watoto. Jicho likibadilika rangi, usingoje ziara yoyote, nenda leo.