Maji ya Ziwa na Maji ya Bahari: Kwa Nini Yanapanda?

Ukikaa mwaloni jioni, wakati wavuvi wa dagaa wanaandaa taa zao, utasikia mazungumzo mengi. Watu huzungumza juu ya bei ya samaki, juu ya upepo, na juu ya nyavu. Lakini katika miaka hii ya karibuni kuna jambo jingine linalozungumzwa sana kando ya Ziwa Viktoria. Jambo hilo ni kupanda kwa maji.

Mmoja husema: "Redio imetangaza kwamba barafu ya dunia inayeyuka na bahari inapanda. Bahari ndiyo inayotufikia huku."

Wa pili husema: "Hapana. Ni barafu ya Mlima Kilimanjaro. Imeyeyuka, na maji yake yameingia ziwani."

Wa tatu husema: "Ninyi hamjui. Maji yamezuiwa kule Jinja, Uganda, kwenye bwawa la umeme."

Je, nani amesema kweli? Swali hili si la kubishania tu. Mtu anayejua kwa nini maji yanapanda, anajua pia ajenge nyumba wapi, achimbe choo wapi, na alime wapi. Asiyejua huweza kupoteza mali yake yote. Basi tulichunguze swali hili polepole.

1. Ziwa liko juu, bahari iko chini

Ziwa Viktoria liko juu sana kuliko bahari. Mtu akisimama ufukweni Mwanza, amesimama mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,130. Hiyo ni zaidi ya kilometa moja kwenda juu.

Maji hayapandi mlima. Maji ya ziwa hutoka Jinja, hufuata mto Naili, hupita Uganda, Sudani Kusini, Sudani na Misri, halafu huingia baharini. Njia yote hiyo maji yanateremka. Maji ya bahari hayawezi kurudi juu kwa njia hiyo.

Tuseme barafu yote ya dunia imeyeyuka. Wataalamu wamekadiria kwamba bahari ingepanda kwa zaidi ya mita 60. Hilo lingekuwa balaa kubwa kwa watu wa pwani. Lakini hata hivyo bahari ingekuwa bado chini ya ziwa letu kwa zaidi ya mita 1,000. Kwa hiyo mtu wa kwanza amekosea. Bahari haitufikii huku.

2. Barafu gani inapandisha bahari?

Lakini mtu yule hakukosea yote. Ni kweli kwamba barafu inayeyuka, na ni kweli kwamba bahari inapanda. Unaweza kuona jinsi inavyotokea kwa kufanya jaribio. Barafu unaweza kuipata mwaloni, kwa wanunuzi wa sangara.

Chukua bakuli mbili zinazolingana. Tia maji nusu katika kila bakuli. Katika bakuli ya kwanza, tia bonge la barafu lielee. Katika bakuli ya pili, weka jiwe linalotokeza juu ya maji, na juu ya jiwe hilo weka bonge la barafu. Sasa weka alama ya mkaa mahali maji yalipofika katika kila bakuli. Ngoja barafu yote iyeyuke.

Utaona nini? Katika bakuli ya kwanza maji hayakupanda. Barafu iliyokuwa ikielea ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi yake ndani ya maji. Katika bakuli ya pili maji yamepita alama. Barafu ilikuwa nje ya maji, juu ya jiwe. Ilipoyeyuka, ilileta maji mapya.

Ndivyo ilivyo duniani. Barafu inayoelea baharini haipandishi bahari inapoyeyuka. Inayopandisha bahari ni ile iliyolala juu ya nchi kavu. Barafu ya namna hiyo iko nyingi mahali pawili. Mahali pa kwanza ni Greenland, kisiwa kikubwa sana kaskazini ya dunia. Mahali pa pili ni Antaktika, nchi ya barafu iliyo kusini kabisa. Katika nchi hizo barafu ina unene wa kilometa na zaidi. Kila mwaka Greenland na Antaktika hupoteza barafu yenye uzito wa mamia ya mabilioni ya tani. Barafu ya milima mingi duniani inapungua pia.

Sababu ya pili ya bahari kupanda ni joto lenyewe. Maji yakipata joto hutanuka. Jaza sufuria maji mpaka ukingoni, kisha uiweke motoni. Maji yataanza kumwagika hata kabla hayajachemka. Bahari nayo imepata joto, na imetanuka.

Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ya dunia ilipanda kwa sentimeta 20 hivi. Siku hizi inapanda kwa haraka zaidi, karibu milimeta 4 kila mwaka. Milimeta 4 ni kidogo. Lakini zidisha kwa miaka 25, utapata sentimeta 10.

3. Na barafu ya Kilimanjaro?

Barafu ya Kilimanjaro inakwisha kweli. Mwaka 1912 ilifunika eneo la kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilometa za mraba 2. Leo ni vipande tu.

Lakini maji ya Kilimanjaro hayaji kwetu. Mengi yake hufuata mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Tena barafu hiyo ni kidogo mno. Hata ikiisha yote, bahari haitapanda kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mtu wa pili naye amekosea.

4. Ndugu zetu wa pwani

Bahari inapopanda, wanaoumia kwanza ni ndugu zetu wa pwani na visiwani. Huko Pemba yako mashamba ya mpunga karibu na bahari ambayo yameingiliwa na maji ya chumvi. Mpunga haustawi penye chumvi. Visima navyo huingiwa na chumvi, na watu hukosa maji ya kunywa. Dar es Salaam na Pangani zimejengwa kuta za kuzuia mawimbi.

Mbele ya mji wa Pangani kilikuwapo kisiwa kidogo kiitwacho Maziwe. Kilikuwa na miti, na kasa walitaga mayai huko. Watu walikata miti ile. Mawimbi yakachukua mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi. Kufika mwisho wa miaka ya 1970 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hulifunika. Hapa tunajifunza kwamba maji huchukua haraka mahali ambapo binadamu ameondoa kinga yake.

5. Basi ziwa letu linapanda kwa nini?

Fikiria mtungi. Maji yanaingia kwa juu na yanatoka kwa tundu dogo. Yakiingia mengi kuliko yanayotoka, mtungi hujaa.

Maji ya ziwa hutoka wapi? Tuseme madebe 10 ya maji yameingia ziwani. Madebe 8 ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Madebe 2 tu ndiyo yanayoletwa na mito, kama vile Kagera, Mara na Simiyu. Na maji hutoka vipi? Mengi zaidi huchukuliwa na jua, yakawa mvuke. Yanayobaki hutoka kwa mlango mmoja tu, yaani mto Naili pale Jinja.

Kwa hiyo mvua ndiyo mwenye nyumba. Mvua ikizidi, ziwa hupanda. Mvua ikipungua, ziwa hushuka.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa sana ilinyesha Afrika Mashariki. Iliendelea kuwa nyingi katika miaka iliyofuata. Mpaka mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa karibu mita 2 na nusu. Magati ya bandari na mashamba ya kando ya ziwa yalifunikwa. Baadaye maji yakashuka polepole. Kufika mwaka 2006 yalikuwa chini kuliko wakati wowote tangu mvua ile ya 1961. Kisha mwishoni mwa mwaka 2019 mvua kubwa ilirudi. Mwezi wa Mei 2020 maji yalifikia alama ya mwaka 1964. Mwaka 2024 yakapita alama hiyo.

Na bwawa la Jinja? Bwawa lilimalizika kujengwa mwaka 1954, na ni kweli kwamba lina milango ya kupitishia maji. Kiasi cha maji yanayotolewa huongeza au hupunguza kidogo. Miaka ya kabla ya 2006 ukame ulikuwa mkali, na pia maji mengi yalitolewa kwa ajili ya umeme. Lakini mwaka 2020 maji mengi sana yalitolewa Jinja, na bado ziwa lilipanda. Mvua ilikuwa nyingi kuliko mlango. Kwa hiyo mtu wa tatu ameshika ukweli kidogo tu.

6. Joto ni moja

Je, ziwa na bahari havihusiani hata kidogo? Vinahusiana, lakini si kwa barafu. Vinahusiana kwa joto.

Viwanda, magari na mitambo ya dunia huchoma makaa ya mawe na mafuta. Misitu nayo hukatwa na kuchomwa. Hewa ya ukaa inayotokana na moshi huo hukaa angani na kuifunika dunia kama blanketi. Joto halitoki upesi. Vijiji vyetu vimeongeza kidogo sana katika hewa hiyo. Nchi zenye viwanda vingi ndizo zilizoongeza zaidi.

Joto hilo huyeyusha barafu ya Greenland. Joto hilo hilo hufanya hewa ibebe mvuke mwingi zaidi. Mvuke huo ukigeuka mvua, mvua huwa nzito. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika yalikuwa na joto kuliko kawaida. Mvuke mwingi ukapanda, na mawingu yakaletwa kwetu. Hivyo bahari haikuja ziwani kwa mto. Ilikuja kwa mawingu.

7. Tufanye nini?

Maji ya bahari yanapanda na kuendelea kupanda. Maji ya ziwa ni tofauti. Hupanda, hushuka, halafu hupanda tena. Hapo ndipo penye hatari. Ziwa liliposhuka mwaka 2006, watu wengi waliona nchi kavu mpya. Waliifuata. Wakajenga, wakalima bustani, wakachimba vyoo. Ziwa liliporudi, lilichukua nyumba na bustani. Vyoo vikajaa maji, na uchafu ukaingia katika maji ya kunywa. Hivyo ndivyo kipindupindu kinavyoenea. Nchi ile haikuwa mpya. Ilikuwa ya ziwa.

Basi zingatia mambo haya:

(a) Kabla ya kujenga, waulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1964. Waulize na wengine yalifika wapi mwaka 2024. Jenga juu ya alama hizo.

(b) Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo usizipime wakati ziwa limeshuka. Penye tambarare, maji yakipanda mita 1 huweza kusonga nchi kavu makumi ya mita.

(c) Choo kiwe mbali na juu. Maji ya kunywa yachemshwe, hasa wakati wa mafuriko.

(d) Usikate matete na miti ya ukingoni. Hushika udongo na hupunguza nguvu ya mawimbi. Kumbuka Maziwe.

(e) Wekeni alama ya kijiji. Mwanza hatukosi mawe. Chagueni jiwe moja kubwa lililo ndani ya maji, mlipige mistari ya rangi kila sentimeta 10. Kila mwisho wa mwezi mtu mmoja asome alama na kuiandika katika daftari la kijiji, pamoja na tarehe.

Ndugu msomaji, jambo hili la mwisho usilidharau. Kando ya ziwa watu wamekuwa wakipima na kuandika maji yake tangu mwaka 1896. Kwa sababu waliandika, sisi leo tunajua yaliyotokea mwaka 1964. Wazee walioyaona kwa macho wanazidi kuwa wachache. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Andika, ili mjukuu wako ajue mahali pa kujenga.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini maji ya bahari hayawezi kufika Mwanza?
2. Barafu inayoelea na barafu iliyo juu ya nchi kavu, ipi hupandisha bahari? Fanyeni jaribio la bakuli mbili.
3. Kati ya madebe 10 ya maji yanayoingia ziwani, mangapi ni mvua inayonyesha juu ya ziwa?
4. Katika kijiji chenu, maji yalifika wapi mwaka 2024? Ni nyumba na vyoo vingapi vilivyo chini ya alama hiyo leo?
5. Nani atashika daftari la kijiji?