Nguo za Fundi Umeme (2): Jezi Chini ya Ovaroli

Wiki iliyopita tuliona umeme unavyoua ukipita mwilini. Tao la umeme halingoji kuguswa. Bisibisi ikiteleza kabatini na kugusanisha vyuma viwili vyenye umeme, hewa yenyewe hugeuka njia ya mkondo. Joto huweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya uso wa jua. Shaba hugeuka mvuke, ukatanuka kwa kishindo, na hakuna mbio za kuliwahi.

Umeme wa Unguja huvuka bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa msongo wa kilovolti 132, ukapozwa Mtoni. Wengi hudhani hatari imebaki huko. Mimi naliogopa zaidi kabati la volti 400 chini ya ngazi za hoteli Shangani: transfoma iko karibu, mkondo ni mkubwa, na fundi ameinama, ukuta wa mawe mgongoni, hana pa kurudi nyuma.

Ngozi tupu hutoka malengelenge ikipata kalori 1.2 kwa sentimita moja ya mraba. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 70E hupanga mavazi kwa madaraja manne: kalori 4, 8, 25 na 40. La chini ni shati la mikono mirefu, suruali na ngao ya uso. La juu ni suti nzima yenye kofia inayofunika kichwa chote.

Lakini tazama kilicho ndani ya ovaroli: jezi ya mpira. Poliesta yake huyeyuka na kugandamana na ngozi, hata pale ovaroli yenyewe isiposhika moto. Pamba haiyeyuki, ingawa ile ya kawaida huwaka. Ndiyo maana vazi la nje huhitaji kitambaa kinachojizima. Dawa ya kung'arishia nguo nayo huharibu kinga hiyo, jambo ambalo anayefua nyumbani haambiwi.

Kaskazi ikikaza, fundi hufungua vifungo na kukunja mikono. Simlaumu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya 2005 ya Zanzibar inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake. Basi achague kitambaa chepesi, apange kazi alfajiri, na kwanza kabisa akubali umeme ukatwe, hata wageni wa hoteli wakilalamika.

Wiki ijayo: glavu za mpira, na namna ya kuzipima kwa pumzi.