Kuhara Sugu: Upasuaji Unaingia Wapi?

Mtahiniwa, chukulia umepewa swali hili: "Mzee wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, ameharisha kwa miezi miwili. Je, upasuaji unaweza kumsaidia?" Wengi huandika "ndiyo" au "hapana" wakaishia hapo. Jibu lenye alama huanza na chanzo.

Kuhara kunakozidi wiki nne kwa mtu mzima huitwa kuhara sugu. Kuhara ni dalili, na dalili haikatwi kwa kisu. Kinachokatwa ni sehemu ya utumbo iliyoharibika. Kama mzee wetu ana amiba au jiardia aliyoipata kwenye maji yasiyochemshwa, dawa zinatosha. Daktari wa upasuaji hana kazi hapo.

Sasa tazama kifua kikuu cha utumbo, maana kinawahusu wafugaji. Bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe huweza kumfikia mtu kupitia maziwa mabichi. (Najua wapo watakaosema maziwa yaliyochemshwa hayana ladha. Yachemshe tu.) Wakifika utumboni huleta vidonda, hasa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Mgonjwa huweza kuhara, kukonda na kutoka jasho usiku. Tiba yake ni dawa za kifua kikuu, kwa kawaida kwa miezi sita au zaidi. Upasuaji huhitajika pale kovu linapoziba utumbo, au kidonda kinapotoboa ukuta wake na uchafu kumwagika tumboni. Tumbo huwa gumu kama ubao, na hapo hakuna kusubiri dawa ifanye kazi. Kwa mtu wa Yaeda Chini, safari ni ya kwenda Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1955. Kila saa inayopotea njiani inapunguza nafasi yake ya kupona.

Saratani ya utumbo mpana nayo huweza kubadili choo kwa wiki nyingi, na uvimbe wake mara nyingi huondolewa kwa upasuaji. Upo pia ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ambao dawa zikishindwa, utumbo mpana wote huondolewa.

Hapa ndipo mtahini hupenda kutega: upasuaji wenyewe huweza kuleta kuhara. Kila siku takriban lita 9 za maji huingia utumboni. Lita 2 hivi hutokana na chakula na vinywaji. Zilizobaki ni mate, nyongo na majimaji mengine ya mmeng'enyo. Utumbo mwembamba hufyonza sehemu kubwa, ikabaki lita 1 hadi 2 inayofika utumbo mpana. Huko nako maji hufyonzwa, hata kinyesi kikatoka na mililita 100 hadi 200 tu. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ina kazi nyingine mbili: kufyonza vitamini B12 na kurudisha chumvi za nyongo kwenye damu. Chumvi hizo zikipita hadi utumbo mpana, huuchochea utoe maji badala ya kuyafyonza.

Jipime: Mgonjwa A ameondolewa utumbo mpana wote. Mgonjwa B ameondolewa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Eleza kwa nini kila mmoja huweza kuhara, na utaje yupi atahitaji sindano za vitamini B12. (Alama 6)