Split Wako na Mvinyo, Runyenjes Tuko na Muratina: Form ya Wikendi Ocha

Umecheki hizo picha IG. Msee ako Split, mji wa pwani kule Croatia, glasi ya mvinyo mkononi, bahari iko nyuma. Wewe uko kwa mathree, umesimama, na jam haisongi. Unajiambia siku moja utaenda. Poa, nenda. Lakini tangu Januari 2023 Croatia iko ndani ya Schengen, na hiyo viza unajua vile inasumbua. Kabla doo iivane, wacha tuulize: ni nini hufanya watu wapende Split hivyo, na kwetu iko?

Bahari ni sehemu tu ya stori. Katikati ya Split kuna jumba ambalo Diocletian, mfalme wa Roma, alijijengea karibu mwaka 305. Mpaka leo watu wanaishi ndani ya kuta zake. Wameanika nguo kwa dirisha, wana maduka, wana baa. Ukila pweza hapo, unakula ndani ya historia.

Halafu kuna mvinyo. Wamarekani walijivunia Zinfandel miaka mingi kama zabibu yao ya California, bila kujua asili yake. Mwaka 2001 vipimo vya DNA vilionyesha ni zabibu ile ile iliyokuwa kwa shamba moja karibu na Split, inaitwa Crljenak Kaštelanski. Huko nyumbani ilikuwa imebaki mizabibu michache tu. Kitu maarufu California, kwao kilikuwa karibu kuisha! Shika hiyo stori, tutairudia.

Sasa twende Runyenjes

Toka Nairobi na mathree ya Embu, pitia Mwea uone mpunga wa pishori, ukifika Embu shika barabara ya Meru. Runyenjes iko mbele hapo, kwa miteremko ya Mlima Kenya. Juu karibu na msitu ni chai, ndiyo maana viwanda vya Mungania na Rukuriri viko pande hizo. Chini yake ni kahawa na makadamia. Ukizidi kuteremka kuelekea Mbeere, jua linakuwa kali na unaanza kuona muguka.

Historia? Karibu na mji kuna kichaka cha Mwenendega. Wazee wanasema Mwenendega alikuwa akinywesha ng'ombe wake pande hizo, akakutana na mrembo anaitwa Nthara, wakaoana. Walizaa kijana, Kembu, na msichana, Werimba. Hao wawili wakapendana, wakafukuzwa nyumbani, wakaenda kuanza maisha mbali. Uzao wao ndio Waembu. Stori ina sura zaidi ya moja, kwa hivyo ukiuliza wazee wawili jitayarishe kusikia ubishi. Drama ya familia kushinda series yoyote unayoangalia, na watoi wengi wa Embu hawaijui.

Msosi, usitafute hoteli. Enda kwa shosho. Mukimo, nduma, githeri ya mbaazi, uji uliochachushwa ukaacha ukali kidogo kwa ulimi. Halafu omba kahawa uone atakavyocheka. Wanaoilima wengi hunywa chai, kahawa yenyewe inapanda meli.

Muratina inatengenezwaje?

Kuna mti wa mvungunya, ule wa matunda marefu yananing'inia kama soseji kubwa. Tunda linapasuliwa, linachemshwa, linakaushwa juani. Baadaye linatiwa kwa maji ya asali au juisi ya miwa, chombo kinawekwa mahali pa joto siku kadhaa. Hilo tunda ndilo linabeba hamira. Ikiiva, tunda linatolewa, linakaushwa na kutumika tena.

Haikuwa pombe ya kulewa kila Ijumaa. Ilikuwa ya mahari, ya baraka, ya wazee kupatanisha watu. Kijana hakuguswa na hiyo pembe, alitumwa tu kuileta.

Na hapa tuwe serious. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu wengi kwa kaunti kadhaa, Embu ikiwemo, na wengine wakapofuka. Kwa hivyo usinunue kitu kwa jerikeni ya msee humjui eti unaonja utamaduni. Kama kuna sherehe ya familia na mzee anayejulikana ndiye amepika, na umefikisha miaka 18, onja kidogo. Kama hakuna, chukua uji.

Mbona uende sasa?

Kumbuka ile zabibu. Iliokoka kwa sababu mizabibu michache ilibaki shambani mpaka mtu akaja kuuliza. Kwetu, shamba ni kichwa cha guka. Ni yeye anajua tunda linachemshwa muda gani, kichaka kiliheshimiwaje, na watu wa hapo walipitia nini Waingereza walipowavamia Waembu mwaka 1906. Siku akienda, hakuna DNA ya kupima.

So wikendi ijayo beba sukari na majani ya chai, usiende mikono mitupu. Salimia kwa Kiembu hata kama unajua maneno mawili tu. Keti chini, omba ruhusa, weka simu irekodi, halafu nyamaza usikize. Picha za IG utapiga ukimaliza.

Split itakungoja, hizo kuta zimesimama miaka 1,700. Guka yako ako na ngapi?