Waya wa Juu Ndio wa Kuogopwa

Tembo wa Tsavo wakivamia mashamba usiku, asubuhi na mapema huitwa askari wa wanyamapori, pengine na helikopta, kuwarudisha hifadhini. Rubani huruka chini sana, jua halijapanda, ukungu au vumbi limetanda. Kwa nchi kama hii, kuanzia Bomeni kule Taveta hadi Voi inakopita njia kuu ya umeme ya Mombasa na Nairobi, nashikilia kwamba chombo cha kumwonyesha rubani nyaya kiwe kwanza rada ya mawimbi ya milimita, si kamera ya joto.

Kamera hiyo ina sifa zake: waya wenye umeme hupata joto kidogo na kuonekana mbele ya anga baridi. Lakini juu kabisa ya nguzo kubwa hupita waya mwembamba wa kukinga radi. Huo haupashwi joto na umeme, na ndio rubani anaoweza kuugonga anapopaa kuzikwepa nyaya nene alizoziona. Tena alfajiri joto la waya na la ardhi hukaribiana, picha ikafifia saa ileile tembo wanapofukuzwa. Hata hesabu inabana. Kamera ya nukta 640 kwa upana wa digrii 40, ikitazama mita 500 mbele, kila nukta hufunika karibu sentimita 55. Waya wa sentimita 3 humezwa humo, na programu huutambua tu kwa kuunganisha nukta nyingi zilizojipanga mstari. Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, mita hizo 500 huisha kwa sekunde 10.

Rada, kwa upande wake, haizuiwi na ukungu. Ukungu ni vitone vidogo mno, vya sehemu moja ya mia ya milimita hivi. Hutawanya mwanga wa leza, chombo kingine cha kutafutia nyaya, lakini wimbi la rada la milimita 3 huvipita. Isitoshe, nyaya hizi husokotwa kwa nyuzi za metali, na msokoto huo hurudisha mwangwi wa mpangilio wake hata rada ikiutazama waya kimshazari.

Wako wanaosema ramani inatosha. Kwa njia kuu, sawa. Lakini tangu mradi wa Last Mile wa kusambaza umeme majumbani uanze mwaka 2015, nguzo za mbao zimesambaa vijijini, na ramani ya jana haina nguzo ya leo. Bei nayo ni kubwa, sikatai. Ndiyo maana zianze helikopta chache zinazoruka chini kila mara. Mvua kubwa huidhoofisha rada, na hapo helikopta isiruke. Maboya ya rangi juu ya nyaya nayaunga mkono kwa moyo wote, ila ndani ya ukungu hakuna jicho linaloona rangi.